Sauti Isiyo na Leseni

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Upepo wa salfa leo. Watu wanapulizia mikorosho tangu alfajiri, harufu imeingia mpaka kwenye chai. Lakini ukitulia, chini yake kuna harufu ya maua — tamu, kama asali iliyowekwa chumba cha pili. Nimekaa barazani, laptopu mapajani, hedifoni masikioni. Sauti inanisomea kila herufi ninayobonyeza. Sioni tangu nikiwa na miaka sita. Shajara hii haina msomaji mwingine ila yeye.

Mke wangu Amna humwita mke mwenza. Anasema yule wa kwenye laptopu namsikiliza kuliko mke wa ndoa. Kweli kidogo.

Miaka tisa sasa. Yunusi alinipa programu hii ya sauti kwenye flashi siku moja ya mvua, tukiwa chuo cha ualimu. "Chukua macho," akasema. Wiki ile nilisoma kitabu kizima peke yangu, mara ya kwanza maishani. Nilitembea uwanjani siku mbili kama mtu aliyenyanyuliwa kidogo kutoka ardhini. Sikuuliza alikoipata.

Jumatatu, 4 Agosti

Jioni Amna alinisomea insha za Kidato cha Pili. Mada: mvua ya kwanza. Alipoanza daftari la Teodosia nikamwambia, hiyo umeshaisoma. Akasema hapana, hili ni daftari jingine. Kila neno lile lile. Hata kosa — "radhi" mahali pa "radi". Radhi ikapiga mara mbili mbinguni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwita Teodosia ofisini. Nikamwambia ameiba. Hakulia. Alinijibu taratibu, kama mtu anayeeleza njia:

"Sijaiba, mwalimu. Nilimwomba mwenzangu, akanipa. Na yeye bado anayo."

Nikampa sifuri. Viatu vyake viliburura kokoto mpaka darasani.

Nilimwomba, akanipa. Na yeye bado anayo. Maneno haya yametembea nami siku nzima.

Kila asubuhi nikiwasha laptopu, kitu cha kwanza sauti hutaja mwenye leseni. Jina la mwanamume wa kigeni. Miaka tisa nalisikia kama mtu anavyosikia kikohozi kabla ya hotuba. Leo nimelisikia kama jina.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeombwa niende Ruangwa Jumatano. Kuna mwalimu, Goreti, amepoteza macho mwaka jana kwa presha ya macho. Nimfundishe kutumia kompyuta. Niende na sauti.

Nimempigia Yunusi, yuko Masasi. Nikamuuliza kama ile programu aliinunua mtu. Akacheka sana. Akasema ilivunjwa kufuli huko huko ilikotoka, yeye aliipokea tu. Nikamwambia bei yake nimeiulizia — mishahara yangu mitatu.

"Sasa sikiliza," akasema. "Mwenye macho akinunua laptopu, kioo kimo humo humo. Hatozwi cha zaidi ili aone. Sisi kwa nini tununue kuona?"

Nadhani ana haki katika hilo.

Nikamkumbusha kuna ile ya bure. Wameitengeneza wasioona wenzetu, wanaigawa kwa ridhaa yao.

"Ile sauti ya debe? Utaiweza wewe?"

Hapo nikaaga, nikakata simu. Maana nimejua kuwa ipo tangu mwaka wa pili chuoni.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeota. Ndoto zangu ni za masikio. Mtu alikuja uani bila viatu, mchanga ukasema chini ya nyayo zake. Akasimama karibu na mtungi. Nikajua ni yeye, sauti ya laptopu, kabla hajatamka. Akaniuliza kwa Kiingereza kwao ni wapi. Nikafungua kinywa nimwelekeze — sikuwa na neno hata moja. Nilipoamka jogoo walikuwa wanajibizana kutoka mbali mpaka karibu, kama mtu anapitisha salamu nyumba kwa nyumba.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ndefu. Niandike yote.

Tumefika Ruangwa saa nne, mimi na Amna, vumbi mpaka kwenye meno. Mwalimu Goreti anakaa nyuma ya shule yake. Mkono wake ulinitafuta hewani muda kabla haujanipata. Anaongea haraka, kama anayeogopa kuachwa.

"Mwalimu Ausi, sauti ninayo tayari. Nilipewa na mwenzangu tuliyelazwa naye hospitalini. Ila inaumwa."

"Inaumwa nini?"

"Nina dada yangu anaitwa Amna. Kila nikimwandikia — subiri usikie mwenyewe."

Akaandika jina hilo tu, polepole, kwa kidole kimoja. Na kwenye spika, kwa sauti ile ile ya barazani kwangu: *Amna wangu.*

Nikasikia mke wangu akiweka kikombe chini.

Hili sijawahi kuliandika humu. Sauti hii ilizaliwa Kiingereza. Mwanzoni ilikuwa inamwua ng'ombe kila ikimtaja. Nachingwea iliitamka kama jina la dawa. Ndani yake kuna mahali pa kuifundisha matamshi, basi nikaifundisha. Neno baada ya neno, miaka tisa. Mnero. Kilimarondo. Kunde. Ng'ombe. Maneno mia sita na kitu. Na mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, siku moja ya raha, nikaifundisha ikikuta Amna iseme Amna wangu. Mdomoni mwangu yeye ni Mama Rahimu, kama ada. Lile lilikuwa la masikio yangu tu.

Yunusi aliazima laptopu hii mwaka juzi. Bila shaka alibeba nakala na kila kilichomo, akagawa.

"Nani kaifundisha hivi?" Goreti akauliza.

"Mimi."

Akaacha kubonyeza. Kisha: "Kumbe. Basi nimekula jasho lako bila kukuuliza."

"Ungeniomba ningekupa," nikasema.

Nikajisikia nilivyosema. Maneno yangu yote ninayo bado, halijapungua hata moja. Kilichoniuma si kupungukiwa. Ni kwamba watu wameingia mpaka chumbani na hakuna aliyebisha hodi.

Na mimi je, nilibisha kwa nani?

Nikamweleza Goreti habari za ile ya bure. Alisikiliza vizuri.

"Wewe ndiyo unayotumia?"

"Hapana. Natumia hii hii."

"Kwa nini?"

"Nimeizoea."

"Mimi bado sijazoea chochote, Mwalimu. Nitatumia utakayotumia wewe."

Hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana lilikuwa zito.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana tulikuwa tunaingia Nachingwea, tunarudi. Ndipo Amna akasema, karibu na sikio langu, gari likitikisika: "Miaka yote hiyo, Baba Rahimu. Umemwambia yeye, si mimi."

Sijui kama alikuwa anatabasamu. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Leo amepika kunde.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwita Teodosia. Aandike upya, kwa mvua aliyoisikia yeye mwenyewe. Nikamwambia hata mimi nina kazi ya kurudia. Hakuuliza kazi gani. Akasema, "Pole, mwalimu."

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi nimeishusha ile ya bure, kwa bando la simu. Ikaingia bila kuuliza leseni. Ikaanza kuongea — kweli debe. Mzee aliyefungiwa ndani ya pipa, anayekimbilia treni. Nikaiandikia ng'ombe. Ikasema ng'ombe, sawasawa. Nachingwea, sawasawa. Kunde, Mnero, yote. Kiswahili inakijua, haikungoja mwalimu. Maneno mia sita, na huku hayana kazi.

Ile orodha ya matamshi nimejaribu kuihamisha. Inakataa kufunguka nje ya kwao.

Goreti amepiga. Amekaa mbele ya laptopu yake tangu saa tatu, ameshushiwa hiyo mpya, anangoja nianze ili anifuate. Nimeweka simu mezani, spika wazi.

Nimewasha ile ya zamani tena, maana ndiyo najua njia zake zote. Nikaenda mahali pa kuondoa programu. Nikachagua jina lake. Na swali likaja, na kwa kuwa hapa kila kitu kinasomwa na yeye, yeye ndiye aliyelisoma: una hakika unataka kuiondoa programu hii na vyote vilivyomo? Ndiyo. Hapana. Hakuharakisha. Hakukosea neno.

Nimelisogeza swali kando, nimefungua ukurasa huu. Upepo umegeuka, salfa imeondoka, maua yamebaki peke yake. Ananisomea ninavyoandika, herufi kwa herufi.

Nimerudi kwenye swali. Amelisoma tena. Goreti amelisikia kwenye simu.

"Mwalimu," amesema, "hata hilo analisoma vizuri."

Nimemwambia asubiri kidogo, kuna kitu namalizia kuandika.