Dakika ya Arobaini na Tano

12 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo haukusumbui sana kwa kuinamia redio za watu kutwa. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu. Baba hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo siwezi kusema anakusalimu.

Utashangaa kupata barua wakati kila mtu ana simu. Kwenye simu maneno hunikauka mdomoni. Mimi bado ni yuleyule uliyemwita Kidole kwa sababu nilikuwa naonyesha kitu badala ya kukitaja. Nimemaliza shule na sasa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Naipenda kazi hii kwa sababu wateja huangalia karatasi zao, hawaniangalii mimi.

Nakuandikia kuhusu Radi Kavu, ile bendi yenu.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta gundi kwenye karakana ya Baba, nikakuta sanduku la misumari lisilo na msumari hata mmoja. Ndani mlikuwa na kaseti ishirini na mbili, zote za maonyesho ya ile miaka mitatu mliyoifuata bendi mji kwa mji. Nikamwuliza Baba. Unajua Baba husema maneno kumi kwa siku, na saba kati ya hayo ni vipimo vya mbao. Siku hiyo aliweka randa chini akaongea mpaka chai ikapoa. Aliniambia jinsi bendi ilivyosafiri kwa lori la kuhamishia samani, Nyundo akiwa amekaa na ngoma zake kwenye kochi la mtu asiyemjua. Aliniambia jinsi jenereta ilivyozimika, Nyundo akapiga ngoma peke yake dakika ishirini mpaka umeme ukarudi. Baba alicheka, Mjomba. Kisha nikamwuliza kuhusu Bubu, naye akarudi kwenye mbao zake.

Mimi najifunza gitaa la besi. Nililinunua kuukuu, na nalipiga mlango ukiwa umefungwa. Ndiyo maana namfikiria sana Bubu, mpiga besi aliyewapa watu mgongo kila onyesho. Mama ndiye aliyenieleza yaliyobaki: kwamba mara moja tu Bubu aligeuka, akaimba wimbo wake mwenyewe, na hakuurudia tena popote. Nyinyi mlikuwepo na mashine mbili za kurekodi, na wimbo haumo kwenye kaseti ya yeyote kati yenu. Na kwamba mlibishana juu ya hilo miaka mingi, mwisho mkaacha kabisa kusemezana nilipokuwa na miaka saba.

Baba anasema juu yako, "Waya akikiri kwamba alisahau kubonyeza, mlango uko wazi."

Nimeona nisikie upande wa pili. Nakukumbuka sana. Ulikuwa unanipa redio niifungue, na hukuwahi kuniuliza kwa nini siongei.

Mpwa wako,
Kidole


27 Januari

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba. Mgongo upo, magoti ndiyo yameanza fitina. Kibanda changu kimejaa redio zilizoletwa na watu ambao sasa hivi hata wao wamesahau kwamba wana redio. Nashukuru kwa barua. Nimeisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti.

Kwanza turekebishe historia. Baba yako Randa atakuambia mwaka wa pili ndio ulikuwa bora. Usimsikilize. Mwaka wa pili alikutana na dada yangu kwenye foleni ya tiketi, kwa hiyo hata wangepiga masufuria angesema walipiga vizuri. Mwaka wenyewe ulikuwa wa tatu. Mwimbaji alikuwa ameacha kupayuka na ameanza kuimba. Lori lilikuwa limebandikwa picha ya radi upande mmoja tu kwa sababu rangi iliisha, basi wakiingia mjini walizunguka kila mtaa kwa kulia ili watu waione. Tuliwafuata miji tisa. Baba yako alibeba mikate, mimi nilibeba betri.

Sasa sikiliza jinsi tulivyokuwa tukirekodi, maana hakuna mwingine aliyefanya hivi. Kaseti ya dakika tisini ina arobaini na tano kila upande. Ikifika hapo inasimama, unaigeuza, na umekwisha kupoteza kitu. Kwa hiyo tulichukua mashine mbili. Randa alibonyeza bendi ilipoanza. Mimi nilibonyeza dakika kumi na tano baadaye. Yake inapokwisha, yangu inaendelea. Yangu inapokwisha, yake ipo. Na sheria ilikuwa moja: wimbo ukipigwa, hakuna kugusa mashine, kwa sababu mlio wa kitufe ungeingia kwenye kaseti ya mwenzako. Unangoja wimbo uishe, ndipo unageuza. Mashine zilikaa ndani ya makoti. Joto lake usiulize.

Siku ile ya Bubu, kwenye ukumbi wa michezo, saa kumi jioni, Randa alikuwa mlangoni anamtafutia mama yako kiti. Alichelewa kubonyeza. Mahesabu yote yakaharibika. Mimi nilibonyeza dakika ileile niliyopaswa, niliangalia saa. Akikiri kwamba alichelewa, nitapanda basi kesho yake.

Nakutumia kaseti yangu ya siku hiyo, pamoja na mashine ndogo niliyoitengeneza, maana najua redio ya baba yako inameza utepe. Sikiliza mwenyewe. Utakuta kila kitu ila wimbo wenyewe. Kaseti iliyorekodiwa vizuri, Kidole, husikika ndani yake hata mtu akigeuka.

Na hilo besi, fungua mlango siku moja.

Mjomba wako,
Waya


16 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Magoti yako yanaendeleaje? Mama anasema uyapake kitu chenye joto na upunguze ubishi.

Mzigo ulifika salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuwa na hakika.

Wateja wanapopungua dukani, tajiri wangu huniruhusu nitumie kompyuta. Niliingiza kaseti yako, kisha ya Baba, nikazipanga moja juu ya nyingine mpaka zikalingana. Nimezisikiliza siku tisa. Naomba usikasirike.

Baba hakuchelewa. Kwenye kaseti yake unasikika mwimbaji akisalimia watu kabla ya wimbo wa kwanza. Na wewe hukusahau. Yako inaanza dakika kumi na tano baadaye kamili, kama ulivyosema. Lakini zote mbili zinakwisha pamoja, kwenye pigo lilelile la ngoma. Dakika ya arobaini na tano, Nyundo anapiga mara moja, halafu kimya kwako na kimya kwake.

Nilidhani kompyuta imekosea. Ndipo nikaitazama kaseti yako. Kasha limeandikwa tisini. Kaseti yenyewe ina namba ndogo karibu na tundu, imefunikwa na gundi kavu. Niliikwangua kwa ukucha. Ni sitini, Mjomba. Nusu saa kila upande. Kumi na tano na thelathini.

Nililipeleka kasha kwa Mama, jikoni, nikamwonyesha bila kusema kitu, kama zamani. Aliliangalia. Akaketi.

"Hili kasha lilikuwa langu," akasema. "Hapana. Kaseti ndiyo ilikuwa yangu."

Wakati ule alikuwa anasomea uchapaji, na mwalimu alitaka kila mmoja awe na kaseti ya imla. Yake ya sitini haikutosha. Akaichukua yako ya tisini mezani, akaacha yake ndani ya kasha lako, akikusudia kukuambia. Kisha mkaenda kwenye onyesho naye akapata kiti kizuri, akasahau. Mjomba, ile kaseti iliyopaswa kuwa na wimbo wa Bubu ina barua ya mfano ya kuomba magodoro hamsini.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Miaka yote hiyo."

Jambo moja nalifikiria sana. Bubu alipogeuka, mashine zote mbili zilikuwa zimesimama, na hakuna aliyeigusa yake. Yako ilipokata, wewe ulisimama mikono chini kwa sababu ulidhani Baba ameshageuza yake na anarekodi. Baba alisimama vilevile, akidhani yako bado ina dakika kumi na tano. Hakuna aliyesinzia. Kila mmoja alimwamini mwenzake.

Bado sijamwambia Baba. Naogopa nitakosea maneno.

Mpwa wako,
Kidole


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Je, uko salama? Mwezi umepita na hujajibu. Naomba unisamehe kama nimekuumiza.

Nimemwambia Baba. Nilimwambia kwa mdomo, karakanani, nikiwa nimeshika kipande cha mbao. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaendelea kupiga randa ubao aliokuwa nao mpaka ukawa mwembamba kama rula. Ulikuwa wa mlango wa mteja. Tangu siku hiyo, jioni huchelewa kufunga geti, na ukimwuliza anasema bawaba zinahitaji hewa.

Mpwa wako


2 Aprili

Kidole wangu,

Marahaba, na mimi ndiye wa kuomba msamaha. Hukuniumiza. Nilikuwa naomboleza. Mtu akiwa na hoja nzuri kwa miaka mingi, aliyoinoa na kuilisha, halafu binti wa duka la fotokopi aikwangue kwa ukucha, lazima akae kitako kidogo.

Nimeketi kibandani nikajaribu kumkasirikia dada yangu. Nimeshindwa. Magodoro hamsini.

Kisha nikakumbuka kitu. Bubu alipoanza kuimba, nilimtupia Randa jicho. Naye alikuwa ananitazama. Akatikisa kichwa kidogo, kama kusema, tumeupata. Nami nikamtikisia. Miaka yote hii nimekuwa nikisema kwamba kile kichwa kilikuwa cha usingizi.

Mwambie baba yako asisubiri niandike mambo ya kukiri, kwa sababu sasa sina la kukiri na yeye hana, na hiyo inatuaibisha zaidi. Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo, basi la asubuhi. Mwambie bawaba zikishapata hewa ya kutosha azipake mafuta, maana nakumbuka geti hilo lilivyokuwa likilia.

Ninayo tiketi ya siku ile. Nyuma yake niliandika maneno ya Bubu, yale niliyoyawahi.

Mjomba wako,
Waya


29 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tunashukuru kwamba ulifika salama, na kwamba magoti yalivumilia safari. Nyumba imekuwa kimya mno tangu uondoke. Hata hivyo Baba bado anaongea maneno kama mia mbili kwa siku, nadhani atarudi kwenye kumi mwezi ujao. Amekutengenezea stuli ya kibandani, ya kimo cha magoti yako. Ataileta mwenyewe.

Sikukuambia ulipokuwa hapa, kwa sababu mlikuwa watatu sebuleni nami nikaona aibu, lakini nilikuwa mlangoni na daftari muda wote. Wewe ulisoma ubeti wa kwanza na wa pili kwenye tiketi. Baba alikuwa na sauti ya wimbo, aliipiga kwa mluzi, na ulipobisha noti moja alikubali. Ubeti wa mwisho alikuwa nao Mama, ambaye hamkuwahi kumwuliza. Niliandika yote. Halafu nikajifungia wiki mbili na besi.

Jana niliwaomba Baba na Mama wakae karakanani, nikauimba. Niliimba nikitazama ukutani, samahani, isingewezekana vinginevyo. Mashine yako ilikuwa kwenye meza ya randa nyuma yangu. Nakutumia kaseti. Ni ya tisini. Nimesoma kwenye kaseti yenyewe, si kwenye kasha.

Niambie kama ndivyo ulivyokuwa.

Mpwa wako,
Kidole


9 Mei

Kidole,

Marahaba, mpwa wangu. Mimi mzima. Mwambie Randa stuli ije na mkate, kama enzi za lori.

Kaseti nimeisikiliza nikiwa nimefunga kibanda, mteja akigonga nje. Akangoja. Redio yake imengoja tangu mwaka jana.

Unauliza kama ndivyo ulivyokuwa. Besi ndivyo. Ubeti wa kwanza unatoka kwa mbali, kama mtu anayeimba ndani ya kabati. Wa pili, vivyo hivyo. Halafu kabla ya ubeti wa mama yako kuna kimya kidogo, kiti kinakwaruza sakafu, na sauti yako inakuja karibu, safi, inaingia moja kwa moja kwenye mashine mpaka mwisho. Nyuma yake namsikia baba yako akivuta pumzi.

Kwenye barua hukuniandikia hilo. Nami nilikwambia zamani, kaseti iliyorekodiwa vizuri husikika ndani yake hata mtu akigeuka.

Mjomba wako,
Waya