Jiwe la Bi Mwajuma

Salum, mume wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Magomeni hatujambo. Mama yako kapona kikohozi, na paka kazaa tena kitandani kwangu.

Unauliza waziri wa kilimo na chakula ana kazi gani hasa. Nilimwona mmoja tu, Kariakoo, enzi za foleni za unga. Kila mtu aliweka jiwe lake mbele ya duka la ushirika, akarudi kupika. Asubuhi ile zamu ya kulinda ilikuwa yangu. Waziri akaja, akakuta mawe matupu yamenyooka mpaka kona. Akaokota la mbele, jeupe.

“La nani hili?”

“La Bi Mwajuma, mheshimiwa. Tulimzika Ijumaa.”

“Na mbona liko mbele?”

“Kila siku tunalikuta limesogea. Hakuna anayekiri kuligusa.”

Nilidhani atacheka. Alilirudisha pale pale, akasimama nyuma yake mpaka dirisha likafunguliwa. Muuzaji akamwita yeye.

“Mpe huyu kwanza,” akasema, macho kwenye jiwe.

Muuzaji akalipimia jiwe unga.

Kula ushibe huko Dodoma.

Bibi yako