Kibastola cha Bibi Zuwena

Ijumaa, 10 Januari

Kibastola kimesafishwa. Kama kila Ijumaa, Bibi akishaswali adhuhuri na kabla ya chai. Mlango umefungwa kwa ufunguo, taulo limetandikwa kitandani, yeye kaegemea mito, mimi kwenye kigoda. Kwanza hutoka magazini, kile kijumba cha risasi. Risasi sita kwenye kisahani cha kahawa. Kisha Bibi huvuta kile kipande cha juu, ambacho siku hizi kinagoma, na kuchungulia kama imebaki ya saba. Ndipo hunipa.

Mswaki mkuukuu kwa vumbi. Kijiti cha mshikaki na utepe wa kanga kwa ndani ya mtutu. Tone la mafuta ya nazi, halafu nifute mpaka nidhani sikupaka kitu, kwa sababu mafuta mengi hukusanya mchanga. Nisivute kifyatulio kikiwa kitupu. Pini yake laini, itavunjika. Haya yote amenifundisha tangu Ramadhani iliyopita. Mara ya kwanza nilikishika kwa ncha za vidole mpaka akacheka.

Hakina kibali. Bwana Khalfan, mwanawe, mwenye nyumba hii, anaamini marehemu baba yake alikisalimisha zamani. Siku kikionekana, Bibi ni mama mzee wa watu, na mimi ni mtumishi wa Kikenya niliyekuwa nakipaka mafuta. Najua nani atahojiwa kwanza.

Lakini ni saa nzima ya Kiswahili. Basi.

Jumapili, 12 Januari

Ofu, siku yangu ya mapumziko. Kanisani, halafu nikashuka mtaa wa Al Qusais, hapahapa Dubai, kwa mazoea, mpaka chini ya jengo alilokuwa akikaa rafiki yangu Jane. Jane alihamia Abu Dhabi Novemba. Nilijua. Nilikwenda hivyohivyo, nikanunua chapati, nikala nimesimama.

Nimempigia Wambui. Mwanangu huyu kila siku yuko njiani kwenda mahali. Mum, nitakupigia. Hajapiga.

Nyumbani Mirdif, Madam, mke wa Bwana Khalfan, ananiamrisha kwa Kiingereza. Mpishi na dereva wana Kihindi chao, wanacheka jikoni na mimi natabasamu kama mjinga. Bwana Khalfan anasikia Kiswahili, hakijibu. Amebaki Bibi. Anasema Kiswahili kilizaliwa kwao Unguja kikaenda kuugulia kwetu Kenya, na kwamba yeye sasa ni nesi. Nikisema "vitu mingi" hujishika kichwa. Nampenda. Sijawahi kumwambia, hataki mambo hayo.

Ijumaa, 17 Januari

Leo kanipa historia yote. Nyingine niliijua vipandevipande.

Marehemu mumewe, Sheikh Nassor, alikinunua Tanga kwa Mgiriki wa shamba la mkonge aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumba ili arudi kwao. Kilikuja pamoja na meza na pasi ya mkaa. Bei yake chini ya baiskeli. Bibi anasema viwanda vya Ulaya vilivitengeneza kwa maelfu, wanawake waweke mkobani, na chuma chake si chuma cha maana, ni ule mchanganyiko wa vitasa vya milango. Ndiyo maana rangi ya fedha imebabuka na chini yake ni kijivu kibaya. Anakitukana huku anakipangusa.

Kilisafiri kuja huku ndani ya debe la samli. Wiki nzima kikinuka. Springi ya asili ilichoka, fundi cherehani wa Deira akakata nyingine kutoka kwenye mashine zake. Mpini ulipasuka, wakaziba kwa kipande cha kitana cheusi. Ukitazama vizuri unaona mizizi ya meno.

Kimepigwa mara moja tu. Sheikh Nassor alimlenga kunguru juu ya paa. Kunguru hakuona haja hata ya kuruka.

Nikamuuliza kwa nini basi alale nacho chini ya mto miaka yote hii. Akasema mumewe alikuwa akienda biashara miezi mitatu, minne. Yeye kijana, mji mgeni, majirani hawaelewi asemalo. Akasema mwanamke akiwa na kitu cha kutunza kila Ijumaa, wiki zinapita. Nikainamia mtutu nisionekane uso.

Jumanne, 21 Januari

Baridi. Mafuta yangu ya nywele yameganda kwenye chupa, meupe kama mshumaa. Nimeyachokoa kwa kijiti cha mshikaki.

Nikashtuka. Mafuta ya nazi. Kile kibastola kinalala kwenye chumba chenye eisii, ile mashine ya kupoza hewa, mwaka mzima, kwa sababu Bibi haachi eisii hata Januari.

Ijumaa, 24 Januari

Nilikuwa sahihi. Kipande cha juu hakikusogea mpaka tulipokivuta wawili. Kifyatulio ukikigusa kinaingia na hakirudi. Nimemwambia Bibi kwamba mafuta yaliyokuwa sawa kwa joto la Unguja hapa yanageuka nta. Akasema marehemu hakuwa na eisii alipojifunza.

Hatujawahi kukifungua chote. Leo tumefungua. Bibi alifumba macho akaniongoza kwa kumbukumbu: bonyeza hapa, inua nyuma, zuia springi isiruke. Hakukosea hata hatua moja. Ndani kulikuwa na utando wa manjano, miaka na miaka ya Ijumaa, kama masalio ya halua kwenye sinia. Nimeulainisha kwa mashine ya kukaushia nywele na kuukwangua kwa kijiti. Nilikuwa nimenunua mafuta ya cherehani kwa fundi wa nguo kule Al Nahda. Tone moja kila panaposuguana.

Sasa kinalia kama kufuli jipya. Bibi akaniita fundi. Nimefurahi kupita kiasi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili.

Alhamisi, 30 Januari

Bibi ameniambia nimwekee Nassor kichwa cha samaki, atachelewa sokoni. Nikacheka, nikadhani utani. Hakuwa anatania. Akakasirika kwamba nacheka.

Mchana akaniita Raya. Raya ni dada yake, alizikwa Unguja kabla sijazaliwa.

Nimeenda kukaa chumba cha kufulia. Kwa muda nilimhurumia tu. Kisha nikakumbuka kilicho chini ya mto wake. Kabla ya Ijumaa iliyopita kisingeweza kuumiza hata panya. Mimi ndiye niliyekifufua.

Jumamosi, 1 Februari

Nimekwenda kumwambia Bwana Khalfan. Nikasimama mlangoni pake. Alikuwa anafunga begi, Alhamisi anaondoka kwenda umra. Akaniuliza kwa Kiingereza, mama hajambo? Nikasema hajambo.

Nilitaka kuandika kwamba niliogopa jela na kurudishwa Kenya. Niliogopa, ndiyo. Lakini miguu ilikuwa tayari kabisa. Kilichonifunga mdomo ni Ijumaa. Nikisema, kibastola kinaondoka, na mlango ule hautafungwa tena kwa ufunguo na mtu hataniuliza kwetu Nyahururu kuna baridi ya namna gani. Nimehatarisha watu kwa sababu ya mazungumzo. Nimelisoma mara mbili hilo, ni kweli.

Ijumaa, 7 Februari

Nimejaribu kwa ujanja. Bibi, tuziweke risasi kabatini, magazini ipumzike, springi itachoka tena. Sababu nzuri, hata ni ya kweli. Akasema bastola bila risasi ni nyundo mbaya. Akazirudisha mwenyewe moja moja, vidole vikitetemeka.

Leo hakunitania hata neno moja. Alinitazama sana mikono, kama anayesubiri niibe.

Ningeweza kuzichukua alipokuwa bafuni. Nilisimama karibu na mto. Nikatoka.

Jumanne, 11 Februari



Bwana Khalfan alirudi leo kabla ya adhuhuri. Hatukumtarajia mpaka jioni. Kanyoa kichwa chote, kama wanavyonyoa wakimaliza umra, na ndevu kazipunguza. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake na galoni la zamzam mkononi, hakubisha hodi. Mimi nilikuwa nyuma yake na nguo za kukunjwa.

Bibi alikuwa amekaa kitandani. Akaona mwanamume mgeni mwenye upara. Sikumwona akiingiza mkono chini ya mto. Nilichoona ni kibastola kwenye mikono yake miwili, kimemwelekea mwanawe kifuani. Mikono haikutetemeka kabisa. Bwana Khalfan akasema yumma, yumma, yaani mama kwa Kiarabu, akapiga hatua mbele. Ni kosa. Bibi akavuta kile kipande cha juu, nacho kikateleza vizuri kabisa, na mimi nikasikia kazi yangu.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimpita Bwana Khalfan, nikatandika taulo la kuogea kutoka kwenye zile nguo kitandani miguuni pa Bibi, nikavuta kigoda, nikakaa. Mtutu ukawa usawa wa shingo yangu. Nikasema, "Bibi, leo Ijumaa. Nimekuja kukisafisha."

Alinitazama muda mrefu. Nilisikia maji yakitikisika kwenye galoni nyuma yangu. Halafu akakiweka juu ya taulo, taratibu, mtutu ukitazama ukutani kama alivyonifundisha. Nikatoa magazini. Nikavuta kipande cha juu, ile risasi iliyokuwa ndani ikarukia shukani. Nikazipanga zote kwenye taulo, maana kisahani hakikuwepo.

Bibi akazitazama. Akasema, "Leo Jumanne, Naomi."

Jumatano, 12 Februari

Bwana Khalfan alimpigia wakili wake, kisha akakipeleka mwenyewe polisi, kimefungwa kwenye taulo lilelile. Alikaa huko mpaka alasiri. Kasema amewaeleza ni mali ya marehemu iliyosahaulika kabatini. Jina langu hakulitaja.

Halafu akaniuliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu Ramadhani. Akauliza kwa nini sikusema. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba hii alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, kizito, cha mtoto aliyekiacha utotoni. Nikamwambia nilikuwa mpweke.

Akasema nisiondoke, mama amenizoea. Alilia kidogo, akageukia dirishani. Ningemtukana mtu kama mimi, kama ningekuwa yeye.

Ijumaa, 14 Februari

Bibi kaswali adhuhuri. Nikaingia na chai mapema. Nilifikiri tungeweza kuzungumza tu, bila kazi mkononi. Nikafunga mlango.

Akaniambia nifungue.

Jumatatu, 17 Februari

Daktari amekuja nyumbani. Amemuuliza mwezi, mwaka, jina la mji. Bibi kakosa mwaka. Mji kasema Dubai, kwa dharau, kama anayeulizwa jina lake. Daktari kaandika dawa na kusema twende naye polepole, kuna siku zitakuwa nzuri.

Nimekunja nguo zote za nyumba hii, hata zisizo zangu kukunja.

Alhamisi, 20 Februari

Asubuhi nimemwogesha Bibi, nikamsuka, nikamfukiza udi. Hakukataa kitu. Mgongo wake umekuwa mwembamba, nilikuwa sijauona vizuri.

Nilipomaliza akaniambia nimletee maji na nizime taa. Kwa Kiarabu. Kile kifupi anachowaambia mpishi na dereva. Nikamjibu kwa Kiswahili, nikasema kwa makusudi "maji mingi ama kidogo", ili anirekebishe. Akarudia kwa Kiarabu, polepole, kama anayemhurumia mgeni.

Ni siku ya tatu akinisemesha hivi. Sijui kama kanisahau au kanikasirikia. Nimekaa hapa chumbani kwangu nikijaribu kuamua ni kipi. Naomba iwe hasira. Daktari hajaleta dawa ya hasira, lakini mama yangu alikaa miaka miwili hasemi na shangazi, na siku moja wakapika pamoja.

Nilimpelekea maji. Akanywa nusu, akanirudishia bilauri, nami nikaizima taa.