Herufi Nilizozinyoosha

Baba,

Mama ametoka eda jana. Miezi minne na siku kumi hajavuka kizingiti, na alipokwisha kuoga na kuvaa kanga mpya jambo la kwanza alilotaka ni kwenda sokoni kuangalia kibao kipya. Alikitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nina hakika vitunguu havijaisha nyumbani. Tukanunua vitunguu, tukarudi, na njia nzima akazungumzia bei ya vitunguu tu. Hapo nikajua naye ameona.

Baba, herufi zile si zako.

Unakumbuka ilivyoanza. Baraza la mji lilitaka vibao vyote, vya mitaa, vya soko, vya forodhani, viandikwe kwa herufi za namna moja, ili mgeni akiviona tu ajue yuko Bagamoyo na si kwingine. Karani wa baraza akaja kwako. Watu walicheka. Mwalimu wa chuo, kazi yake kufundisha watoto Kurani na kuwaandikia wagonjwa kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwenye sahani zikanywewa, na herufi za Kizungu wapi na wapi? Wewe uliwaacha wacheke. Ulichukua kalamu yako ileile ya mwanzi, yenye ncha uliyoichonga mshazari kwa ajili ya Kiarabu, ukaanza na A.

Kila herufi uliipima kwa nukta za kalamu, alama ya ncha ikigusa karatasi mara moja, kama ulivyonifundisha kupima alifu nikiwa mdogo. Nukta sita kwenda juu, nne kwenda upande, na ukikosea nusu nukta unachana karatasi. Kwa vile ncha ilikuwa ya Kiarabu, mistari iliyolala ilitoka minene na iliyosimama ikatoka myembamba. Ulipomaliza B uliniita nikiwa nachambua mchele. "Itazame, mwanangu. Imekaa kitako kama mtu aliye kwao." Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni mwako.

Wajumbe hawakuzitaka. Karani alirudi na karatasi zako, akasema kwa adabu kwamba wazee wa baraza wanaona herufi zimelala, hazifanani na za Dar es Salaam, basi zinyooshwe kidogo, la sivyo kazi atapewa fundi wa huko. Kifua kilikuwa kimekwisha kukulaza. Uliniambia, "Mji hauazimi mkono wa kuandikia jina lake. Warudishie vilevile."

Sikuwarudishia vilevile.

Nilikaa uani mchana, wewe ukikohoa ndani, nikachonga kalamu nyingine, ncha yake nikaikata mshazari wa upande wa pili. Herufi zote ishirini na sita nikaziandika upya. Iliyokuwa minene ikawa myembamba, iliyokuwa myembamba ikawa minene. Nilijiambia naokoa jina lako lisipotee. Hilo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kuona kama naweza, na nilipoona naweza, nilijisifu. Astaghafirullahi, Baba, nilijisifu na wewe uko kitandani.

Baraza lilizikubali katika kikao kimoja. Nilipoingia chumbani uliniuliza, "Wamekubali?" Nikasema wamekubali. "Bila kubadili?" Nikasema bila kubadili. Ukasema alhamdulillahi, ukaomba uji, ukanywa nusu bakuli baada ya siku tatu za kukataa kila kitu. Niliufurahia ule uji. Mpaka leo siwezi kujuta sawasawa kwa sababu yake. Siku ya nane ukatutoka.

Njia ya mwongo fupi. Kibao cha forodhani kilipotundikwa, Mzee Abdala, mwenzio wa bao, alisimama chini yake na mkongojo wake. Unajua hasomi hata herufi moja ya Kizungu. Alitazama, akanitazama mimi, akasema, "Huu si mkono wa baba yako." Hakuniuliza ni wa nani. Akanipa pole, akaenda zake. Tangu siku hiyo nikienda forodhani napita nyuma ya ghala.

Jana, Mama akimenya vile vitunguu, nikamweleza yote. Nilitaka anigombeze. Alimaliza kitunguu alichokuwa nacho, akasema, "Yangu samahani unayo. Ya baba yako siwezi kukutolea."

Leo asubuhi nikachukua karatasi zako za kweli nikaenda kwa karani, nikamwambia zilizoko mjini nilizigeuza mimi, na marehemu hakujua. Nilidhani ataita kikao. Alizifunua taratibu, maskini, hata akapuliza vumbi. Kisha akasema, "Dada, watu wanasoma, hawapotei. Rangi imeshakauka." Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, kwamba nimebeba dhambi ambayo hakuna anayeihitaji. Nilipokuwa naondoka akakumbuka kuna kibao kimoja hakijaandikwa, hakuna mjumbe aliyekiulizia. Akasema hicho niandike nipendavyo, huko hakuna wa kukagua.

Ni cha makaburini.

Ubao wenyewe uko mbele yangu, nimekwisha kuupiga msasa. Kalamu yako nimeitoa kwenye mkoba wako, nimeijaribu kwenye karatasi, na vidole vyangu vimekataa mara tatu kabla ya kukubali mshazari wako. Nukta sita kwenda juu, nne kwenda upande. Nikishapata umbo kwa kalamu nitalihamisha kwa brashi, na mistari iliyolala nitaiacha ilale. Na yeyote atakayesifia herufi za mjini kwa jina lako, nitamwambia ni zangu, hata kama atanicheka, hata kama atauliza tena na tena kwa nini. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Siku ile wanaume walipokubeba, sisi wanawake tulibaki uani, nikasikia sauti zao mpaka kwenye kona, basi. Mahali ulipolala sijapaona. Kesho kaka Hamisi atakibeba kibao kwenda kukipigilia langoni, na mimi nitabaki hapa tena.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba. Kibao hakitakuwa na jina la aliyeandika. Mkono utautambua mwenyewe.

Mwanao,
Mwanaidi