Kanzu ya Mzee Yeslam

Montreal, 14 Novemba 1965

Kwa mzazi wangu mpenzi, Bwana Kamaludin,

Assalam alaikum. Mikono yako naibusu kutoka huku mbali, na ya mama pia. Mimi ni mzima, ila baridi imeanza kunionyesha kazi. Ukitoka nje na masikio wazi, ukirudi ndani unayapapasa kama yangalipo. Masomo ya umeme yanakwenda, alhamdulillah. Mahfudha vipi? Mwambieni kakake amefurahi sana kusikia posa ya Zein imekubaliwa. Kijana wa Mzee Yeslam namjua, hana makuu.

Baba, sasa nikupe kichekesho. Huku wana mpira wa magongo kama ule wanaocheza Magoa na Makalasinga hapo kwetu, lakini wanachezea juu ya barafu, na viatu vyao vina makali ya chuma chini. Nimekwenda kuutazama na mwenzangu wa chumbani. Kila timu ina mbabe wake. Kazi yake si kufunga mabao. Kazi yake ni kupigana, ngumi kavu, mbele ya watu elfu na elfu, na refa anasimama kando anawangoja wamalize! Kisha huwafungia kwenye kijumba dakika tano, kama watoto wa chuo cha Kurani waliopiga kelele.

Wa hapa anaitwa Dubeau. Hagombani na mtu mpaka aguswe mwenzake mdogo anayefunga mabao. Hapo ndipo utamjua. Wa Toronto anaitwa McGurk, naye hahitaji sababu, na wanasema hajaangushwa hata mara moja. Watu wa huku wanabishana usiku na mchana nani bora kati yao. Msomee ami Jaffar, najua atacheka.

Mwanao,
Muhdhar


Kibokoni, Mombasa, 2 Disemba 1965

Kwa mwanangu Muhdhar,

Waalaikum salaam warahmatullah. Sisi wote wazima, mamako Mwanakuu anakuombea dua kila sala na anasema vaa soksi mbili. Harusi ya nduguyo inshallah tutaifanya Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Mzee Yeslam amekwisha kumtengea kanga za doti kadhaa dukani kwake Biashara Street, nami nimemshonea yeye mwenyewe kanzu mpya ya kuvaa siku hiyo, kazi ya mkono tupu, cherehani sikuitia hata kidogo.

Ama barua yako, bwana wee, umetutia fitina! Unajua desturi yetu, barua ya ng'ambo haisomwi na mtu mmoja. Nilikaa barazani baada ya Alasiri, ami yako Jaffar akaisoma kwa sauti, na tangu siku hiyo hakuna mazungumzo mengine. Siasa zimekufa. Bei ya mchele imekufa. Ni Dubeau na McGurk tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona barafu kubwa kuliko ile ya kutilia samaki.

Mimi niko upande wa Dubeau. Mtu anayepigana kwa ajili ya mwenziwe, huyo ni mwanamume. Mzee Yeslam yuko kwa McGurk. Ati hesabu ni hesabu, asiyeangushwa ndiye bora, mengine ni hadithi. Jana alinikera kweli. Alisema Dubeau wangu ni mlinzi wa godauni la Shimanzi, anapigwa kwa mali isiyokuwa yake. Watu wakacheka.

Basi tuandikie. Huyu Dubeau ana ufundi gani hasa? Nipe kitu cha kumfunga mdomo mkwe wangu.

Babako,
Kamaludin


Montreal, 15 Disemba 1965

Baba yangu,

Salamu nyingi na heshima. Natumai hamjambo nyote na mnajitayarisha kwa Ramadhani. Mimi hapa nitafunga peke yangu, lakini siku za huku ni fupi, kwa hivyo sina haki ya kulalamika.

Nimecheka mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini! Haya, silaha yako hii hapa. Juzi Dubeau na McGurk walikutana. McGurk alimtupa kwenye kiwambaza cha uwanja yule mdogo mfunga mabao, na Dubeau akaja mbio. McGurk ana mikono mirefu, ukisimama naye wazi atakumaliza. Dubeau akafanya hivi: akamshika shati nyuma ya shingo, akalivuta lote mbele kwa nguvu mpaka likamfunika kichwa na kumnasa mikono. McGurk akawa kama mtu aliye ndani ya gunia. Haoni, hawezi kurusha ngumi. Dubeau akamwangusha taratibu kama anayelaza mtoto.

Mwambie Mzee Yeslam hesabu ya McGurk imekwisha. Msalimie sana, na Zein pia.

Mwanao,
Muhdhar


Montreal, 30 Januari 1966

Baba,

Assalam alaikum, na Idi njema ingawa imepita. Nilitumai kupata barua yenu ya Idi, sikupata. Nikaona labda posta, lakini wenzangu wa Nairobi wamepata zao. Mama ni mzima? Wewe je? Mfungo Mosi ndio huu, mbona hamnipi hata siku ya harusi? Na mbona sijasikia McGurk alipokelewaje barazani? Niandikie, hata mistari miwili. Nina wasiwasi.

Mwanao,
Muhdhar


Kibokoni, 17 Februari 1966

Kwa mwanangu Muhdhar,

Waalaikum salaam. Mamako ni mzima. Mimi mwili wangu ni mzima. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, maana sijui baba anamwandikiaje mwanawe maneno kama haya.

Harusi imesimama, na mimi ndiye niliyeisimamisha.

Barua yako ilifika Ramadhani imeshaanza. Tulikaa barazani kwetu kama kawaida, tumefunga, joto kali, watu wanangoja Magharibi na kila mtu roho juu. Jaffar akasoma habari ya shati. Watu wakashangilia upande wangu. Mzee Yeslam akasema, "Haya, McGurk kashindwa. Lakini tujiulize, huyu kijana tumemtuma akasome umeme au akasomee ngumi? Kamaludin, wewe kaa na Dubeau wako. Mwanao kesho atakurudia na gongo mkononi na hana cheti." Wakacheka wote, wale wale waliokuwa wakinishangilia.

Nikamwambia, "Hebu simama, Mzee, nikuonyeshe alivyofanya." Akasimama, maskini, anatabasamu. Nikamshika kanzu nyuma ya shingo, ile ile niliyomshonea mimi ya harusi, hakungoja siku yenyewe kuivaa, nikaivuta mbele kwa nguvu zangu zote mpaka ikamfunika kichwa. Mikono ikanasa. Akawa anapapasa hewani, na katika kupapasa msuli wake, ile nguo aliyojifunga kiunoni ndani ya kanzu, ukafunguka ukaanguka chini. Muhdhar, mtu mzima yule, ana wajukuu, amesimama uchi njiani mwezi wa Ramadhani, haoni, na watu wanapita kwenda msikitini. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangalicheka. Jaffar ndiye aliyevua shuka lake la begani akamsitiri.

Mzee alipojitoa hakunitukana. Alijifunga, akaokota kofia yake, akaenda zake. Kanzu ilikuwa imechanika kolani.

Asubuhi yake alimtuma Jaffar na ujumbe huu: hatavunja posa, kwani Mahfudha hana kosa, lakini harusi haisogei mpaka mimi nije mbele ya watu wale wale niseme nilichokifanya ni nini. Nimemjibu kwamba nilikuwa naonyesha mchezo, ajali ikatokea, na namwomba radhi kwa ajali hiyo. Anasema hilo silo. Basi tumekwama hapo. Sikai tena barazani. Msikitini nasali safu ya nyuma na natoka wa kwanza. Mahfudha hanisemeshi ila chakula kikiwa tayari.

Usimwambie mtu yeyote wa kwetu aliyeko huko.

Babako,
Kamaludin


Montreal, 1 Machi 1966

Baba yangu mpenzi,

Assalam alaikum. Naomba radhi zako kabla sijasema lolote, maana ninayotaka kuyasema si ya mtoto kumwambia mzazi wake. Barua zile niliziandika mimi. Niliona raha kuwachekesha, na sasa harusi ya ndugu yangu imelala chini. Siku ya kwanza baada ya barua yako sikuweza kwenda darasani, niliona haya hata kwa watu wasiotujua.

Lakini baba, kuna jambo sikukuandikia, na kosa ni langu. Wababe wa huku kabla ya kupigana huvua glavu wakazitupa chini, wote wawili. Ndivyo wanavyoulizana na kukubaliana. Asiyevua glavu haguswi. Dubeau mwenyewe angemgusa mtu asiyekubali, watu wa timu yake wangekuwa wa kwanza kumzomea.

Mzee Yeslam alisimama anatabasamu, baba. Umeandika mwenyewe. Hakuwa amekubali kitu. Na wewe hukuwa unaonyesha mchezo.

Nisamehe.

Mwanao,
Muhdhar


Kibokoni, 20 Aprili 1966

Kwa mwanangu Muhdhar,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Radhi zangu unazo. Barua yako ilinikasirisha kwa wiki nzima, nikasema huyu mtoto amekwenda kujifunza kunihukumu. Kisha hasira ikaisha na maneno yako bado yapo.

Nikamtuma Jaffar awaite watu. Baada ya Alasiri wakaja wote, na Mzee Yeslam akaja, akakaa, hakunitazama. Nikasimama mbele yao. Nikasema, "Nilisema naonyesha mchezo. Nilidanganya. Ulipomtaja mwanangu nilikasirika, na nilitaka uaibike, na nilipoona umenaswa nilivuta zaidi." Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, na ni kweli.

Mzee akainua macho akanitazama. Akasema, "Nilijua tangu siku ile, Kamaludin. Nilitaka wao pia wajue." Akanipa mkono. Na mimi, usinicheke, nililia mbele za watu.

Nikapanda ngazi mbio kumpa nduguyo habari, nikidhani nampelekea furaha. Mahfudha akaniambia, "Alhamdulillah, baba." Kisha akasema, "Mimi nilikuwa dirishani siku ile. Niliona yote." Sikujua, Muhdhar. Miezi yote hii sikuwahi hata kumuuliza. Nilikuwa nahangaika na Mzee Yeslam, na watu wa barazani, na jina langu.

Nikamwomba radhi pale pale. Akasema amenisamehe, na Zein anamtaka. "Lakini baba, nikikosewa kule nyumbani kwa watu, wewe ndiye utakayekuja kunitetea. Ukifika mlangoni, wao watakumbuka nini? Na mimi nitakuita vipi, nami nilikuona?"  Akaomba kitu kimoja tu, kwamba siku ya nikaha anayeshika mkono wa Zein kumwozesha awe ami Jaffar. Alisema kwa adabu, macho chini, hakuinua sauti.

Ningaliweza kukataa. Mimi ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, ni mzima, nina akili zangu. Mamako alishtuka, akataka kumgombeza. Nikamwambia mwache.

Nikaha ilikuwa Ijumaa iliyopita. Sheikh aliponigeukia nikasema namweka ndugu yangu Jaffar awe wakili wangu. Akauliza mbele za watu mbona, na babake yupo hapa ameketi? Nikamwambia, "Binti yangu ameomba hivyo." Mzee Yeslam, Mungu amjaze kheri, akasema, "Tuendelee, Sheikh." Jaffar akashika mkono wa Zein na kusema yale maneno niliyokuwa nikingoja kuyasema tangu msichana huyu azaliwe. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Jana jioni watu wa kwa Zein walikuja kumchukua Mahfudha. Alimuaga Jaffar, akaja kwangu, akainama akaushika mkono wangu wa kulia kuubusu kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Nikauona mkono ule uko karibu na uso wake nikatamani kuuficha. Sikuuondoa. Aliubusu, akashuka ngazi na mamako.

Babako,
Kamaludin