Jina Nililompa Malkia wa Magofuni

Mke wangu Zuhura,

Kuna jambo nimekuficha tangu ujana wetu, na sitaki lizikwe pamoja nami. Jina la Malkia Mwanatumu sikupewa na wazee wa njia ya Mkwaja, kama nilivyosema redioni na kama nilivyokwambia wewe.

Nimechoka, Zuhura. Kutoka kitandani hadi barazani napumzika njiani. Jikoni kwako siku hizi anapika Rehema, mjukuu wa dada yako, na bado samaki wanamvunjikia kikaangoni. Yeye ndiye aliyenifikisha hapa. Anamchora malkia yule kwa ajili ya vijana, picha zinazotembea na kusema ndani ya simu. Mji uliobaki kuta tupu ameurudishia milango, soko na wanawake wakivutana bei. Nilipotazama nililia, nikasingizia macho.

Juzi akaniuliza, "Babu, nani hasa alikutajia hili jina? Nataka nimshukuru mwishoni."

Nikasema nimesahau.

"Wewe? Unayekumbuka hadi wanafunzi waliokuwa wakisinzia darasani kwako?" Akacheka, akasema atasubiri.

Wazee walinionyesha kaburi la mwanamke aliyetawala, wakanieleza alivyoamua ugomvi wa visima. Nilipouliza jina, wakatikisa vichwa. Limepotea. Na kipindi changu cha redio kilikuwa Ijumaa ile ile. Malkia asiye na jina nani angemsikiliza?

Ulimwonea wivu wa mzaha. Kila nikirudi na vumbi la magofuni ulikuwa unaniuliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Lakini kipindi hukukosa hata kimoja. Ulikaa na ungo wako wa mchele, na akitajwa ulikuwa unaacha kupepeta.

Sasa nilitaje lile ambalo hatukulitaja mbele ya watu. Mtoto wetu, wa pekee, alifariki kabla ya siku ya saba. Kwenu jina hutolewa siku hiyo, na shangazi ndio wanaolitoa, si baba. Wewe ulikuwa umelala chumbani, hujiwezi. Mimi ndiye niliyemshusha kaburini.

Miaka yote ulisema hilo ndilo lililokuuma kuliko yote: "Tumemzika bila jina." Nami nikawa nanyamaza. Niliogopa shangazi zako, halafu nikakuogopa wewe, maana nilikuwa nimefanya peke yangu jambo ambalo nawe ulilitamani. Kila mwaka ulipopita ulimi ulizidi kuwa mzito. Hata ulipokuwa unakata roho nilikushika mkono, nikashindwa.

Kesho nitamweleza Rehema, aandike apendavyo. Hilo nakuahidi. Pumzika, mwenzangu. Sikawii kuja, na nimeona ni bora haya yanitangulie.

Binti yetu hakuzikwa bila jina. Kabla hatujamfukia, niliinama nikamnong'oneza sikioni kwamba anaitwa Mwanatumu.