Fundi Aliyeko Tunduma

Kidatu,
4 Machi 1981

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mgongo umetulia, na dada Fatu na wanawe hawajambo. Mimi afya ninayo, namshukuru Mungu, ila mbu wa huku kwenye miwa sasa wananijua kwa jina.

Mama, amplifaya inakufa. Inaanza kwa kunguruma kama mashine ya kusaga, halafu zile valvu mbili kubwa za nyuma, zile taa za kioo, zinawaka nyekundu. Si ile rangi ya chungwa tuliyoizoea. Nyekundu kabisa, na harufu ya kuungua inajaa ukumbini. Jumamosi ilizima katikati ya wimbo, watu wako uwanjani wanacheza. Mzee Osea, kiongozi wa bendi yetu ya kiwanda cha sukari, hakunigombeza. Alisubiri watu watoke, akasema, "Amri, Mei Mosi tunashindana Morogoro na bendi za viwanda vingine. Hiyo redio yako ikizima kule, wewe utarudi kwenye miwa."

Unajua walinitoa shambani kwa sababu nilikuwa na gitaa na amplifaya aliyoniachia marehemu baba. Bila hiyo mimi ni panga tu kati ya mapanga.

Nimeifunga ndani ya sanduku na magunia. Bwana Lwitiko, yule kondakta wa treni, ataishusha stesheni ya Tunduma. Mafundi wa huku wanajua transista tu, valvu wanaziogopa. Tafadhali mama, iangalie.

Mwanao,
Amri

*

Tunduma,
15 Machi 1981

Mwanangu Amri,

Marahaba. Sisi tu wazima. Fatu amekwenda Iyula kupalilia kahawa ya shemeji zake, kwa hiyo nyumba ni kimya na mimi nafanya kazi bila kuulizwa chai iko wapi.

Lwitiko alileta sanduku Jumatano. Nimelifungua na nimekuta mende watatu, sisimizi wasio na idadi, kizibo cha soda, na msumari. Mende na sisimizi nawaelewa, mnaishi kwenye sukari. Huo msumari nani ameuweka mahali pa fyuzi?

Nakueleza ili usirudie. Kazi ya fyuzi ni kufa mapema ili wengine wapone. Msumari haufi. Chanzo cha ugonjwa kilikuwa kapasita moja ndogo inayovuja umeme. Ndiyo iliyozifanya valvu mbili za nyuma ziwe nyekundu. Fyuzi ingekatika siku ile ile, ubadilishiwe kapasita na mambo yaishe. Lakini msumari ukavumilia, na valvu zote mbili zimeungua, pamoja na ile ya tatu inayogeuza umeme wa ukutani uweze kutumika ndani. Mgonjwa mmoja amezaa maiti watatu.

Kapasita nimeshaibadilisha. Chuma cha kulehemu nakipasha kwenye jiko la mkaa kama kawaida. Valvu ndiyo shida, hata Nakonde nzima, ng'ambo ya mpaka, hazipo. Nimesikia kuna Bwana Andongwisye kule Isongole mwenye redio kubwa ya kabati iliyokufa zamani, mkewe anapangia sahani juu yake. Kesho nadandia lori la maharage niende kumwona.

Na jambo moja. Ikirudi huko, usitie mkono ndani hata kama umechomoa waya ukutani. Zile kapasita kubwa hutunza umeme muda mrefu. Mwambie na kila mwenye bisibisi.

Mama yako,
Mwasiti

*

Kidatu,
25 Machi 1981

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima na nyumba imetulia. Mimi mzima, ila napiga gitaa kavu, bila umeme, na Luka wa besi ananifunika kama blanketi.

Msumari ni wangu. Fyuzi zilikatika mbili kwa siku moja na dansi lilikuwa linaendelea. Nisamehe.

Mama, ukiweza iongeze na sauti. Bendi nyingine zina mashine mpya kubwa.

Mzee Osea ameniomba nitie humu bahasha yake ya shukrani kwa fundi. Ameifunga kwa gundi, mimi sijaisoma.

Mwanao,
Amri

*

Tunduma,
8 Aprili 1981

Amri,

Marahaba. Wote wazima.

Bahasha nimeisoma. Ngoja nikunakilie. "Mzee wangu Fundi Ramadhan, shikamoo. Kijana wako ametusimulia kwamba una miaka sabini na macho yako bado makali kuliko ya kijana. Mungu akuzidishie. Sisi hapa tunajivunia kuwa na fundi mzee kama wewe."

Nimeisoma mara mbili, nikaweka chuma cha kulehemu chini.

Baba yako amelala makaburini mwaka wa sita sasa. Umemfufua ili unifiche mimi. Na macho yake, mwanangu, ndiyo yaliyotangulia kufa. Ulikuwa mdogo lakini si mjinga, uliona. Nani alikuwa anakaa naye mezani akimsomea mistari ya rangi kwenye zile rezista, ile inayoonyesha namba zake? "Kahawia, nyeusi, nyekundu," nasema, naye ananiambia maana yake. Miaka minne tulifanya hivyo mpaka siku moja nikasema maana kabla yake, akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaambia wateja, fundi ni huyu, mimi ni wa kupiga soga.

Yeye aliona fahari kusema. Wewe kinakuuma nini?

Haya, kazi imekwisha. Bwana Andongwisye alinipa valvu mbili bila ubishi. Mkewe ndiye aliyesimama mlangoni, akaniuliza kama kabati litabaki. Nikamwambia kabati na sahani zako vitabaki, mimi nataka taa za ndani tu. Ile ya tatu sikuipata, nikaweka diodi mbili mahali pake, vidude vidogo kama punje za mtama. Diodi hupitisha umeme mwingi kuliko valvu, kwa hiyo nimetia rezista nene ya kuupunguza, la sivyo zile za Isongole zingeungua wiki ya kwanza. Sauti sitaiongeza. Mashine imezeeka, haipaswi kubebeshwa gunia la pili. Badala yake nimetoboa ubao wa nyuma matundu ishirini ipate hewa, kwa sababu mlikuwa mnaipika.

Niliijaribu stesheni, wao wana jenereta. Treni ilichelewa. Kulikuwa na abiria Mzambia mwenye gitaa, akaniuliza, "Bamayo, naweza?" Bamayo kwao ni mama. Akachomeka, akapiga. Watu walitoka kwenye mabenchi, mama mmoja akacheza na kuku wake kwapani. Treni ilipofika baadhi yao walinuna. Yule Mzambia alinishika mikono yote miwili, akasema, "Natotela, bamayo," yaani asante mama. Yeye hakuuliza mzee yuko wapi.

Sanduku liko tayari. Juu yake lazima liandikwe jina la fundi, na la marehemu siliandiki. Niambie niandike nani.

Mama yako,
Mwasiti

*

Tunduma,
23 Aprili 1981

Amri,

Wiki mbili zimepita. Lwitiko amepita mara tatu, kila mara ananiuliza kama nina mzigo, nami namuuliza kama ana barua. Tunabaki kutazamana.

Mei Mosi haitaningoja niache kukasirika. Mzigo anao leo. Nafasi ya jina nimeiacha wazi, jaza mwenyewe.

Fyuzi tano za akiba nimezifunga kwa uzi kwenye mpini. Kishikio cha fyuzi nimekihamishia nje, uibadilishe bila kufungua ubao.

Kula vizuri.

Mama yako

*

Kidatu,
5 Mei 1981

Mama yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Barua nilianza nne nikazichana zote, kwa sababu kila nilipofika kwenye sababu, sababu ilikuwa ndogo.

Ni hivi. Siku nilipofika kwenye bendi, Luka alikuwa anasema mwanamke akishika gitaa nyuzi zinalegea. Wote walicheka, na mimi nikacheka nao. Dakika ile ile Mzee Osea akaniuliza, "Mashine yako nani anaitengeneza?" Nikasema baba. Baada ya hapo kila mwezi ilinibidi nimwongezee marehemu umri na afya.

Sasa Morogoro. Tulikuwa wimbo wa pili, mambo mazuri, sauti imenyooka haina mngurumo hata kidogo. Mara jenereta ya uwanjani ikapanda ghafla, taa zikawaka kupita kiasi, na amplifaya yangu kimya. Vyombo vingine vilikuwa vinaendelea. Mzee Osea akaja mbio na bisibisi, akachomoa waya, kufumba na kufumbua ameshafungua ubao wa nyuma, mkono unaingia. Nikaudaka.

"Usitie mkono, Mzee. Umeme bado umo."

"Si nimechomoa?"

"Hata ukichomoa. Mama amekataza."

"Mama yako anahusika nini hapa?"

Nikasema, "Yeye ndiye fundi. Baba alifariki mwaka wa sabini na tano. Mashine hii ni mama anayeitengeneza, miaka yote."

Mama, tulikuwa tumesimama mbele ya maikrofoni ya mwimbaji, nayo ilikuwa hai. Uwanja mzima ulisikia. Akina mama wa kiwanda cha nguo, waliokuwa wamekaa upande wa kushoto, wakapiga vigelegele mpaka mwamuzi wa mashindano akasimama. Nilibadilisha fyuzi, tukarudisha ubao, tukaanza wimbo upya. Tumekuwa wa pili. Wa kwanza walistahili, sitakudanganya tena.

Kwenye lori Mzee Osea alikaa kando yangu mpaka tukafika Mikumi. Ndipo akauliza, "Kwa hiyo mimi nilimwandikia marehemu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mama akaisoma?"

"Ndiyo."

Akajifunika uso kwa kofia yake mpaka tunafika nyumbani. Luka naye ameniuliza kama unaweza kuitazama spika yake ya besi. Nimemwambia aandike barua yake mwenyewe, tena aanze na shikamoo.

Jina nimeliandika kwenye sanduku kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Nisamehe, mama. Kama bado huwezi, nitangoja.

Mwanao,
Amri

*

Tunduma,
2 Juni 1981

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Fatu amerudi na kahawa debe moja, na nyumba ina kelele tena.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi, wiki nne kwa wiki nne. Sasa tuko sawa.

Mzee Osea ameniandikia kurasa nne. Tatu anaomba radhi. Ya nne anaeleza kwamba amplifaya yake mwenyewe inakoroma kila ikipata joto, na kwamba hathubutu kuifungua. Barua ya Luka nayo imefika. Shikamoo zimo tatu.

Nimewajibu kwamba wasitume masanduku. Nitakuja mwenyewe.

Sababu si spika ya Luka. Jana nilikuwa nalehemu redio ya mtu, nikakumbuka kitu, nikacheka peke yangu. Ile sauti nimeitengeneza tangu baba yako yu hai, nimeijaribu kwa kugusa waya kwa bisibisi, nimeisikia ikilia vuu mezani, nimesikia Mzambia akiipiga stesheni. Wewe mwanangu, sijawahi kukusikia ukiipiga ukumbini, na watu wakicheza.

Natoka na treni ya tarehe kumi na nane. Fatu amenishonea gauni. Usinitafutie kiti mbele karibu na wakubwa. Nitafutie cha nyuma ya jukwaa, ubavuni mwa amplifaya, mahali ambapo nitaziona valvu zikiwaka na wewe nikuone mgongo.

Mama yako na fundi wako,
Mwasiti